NCHI JIRANI: Nairobi na Abiria Asiyeweza Kupanda

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi wapiganaji mlioko makambini na askari polisi mlioko vituoni na katika njia panda za miji yetu, katika mfululizo wa mazungumzo haya juu ya nchi jirani, leo tunakwenda Nairobi, mji mkuu wa Kenya. Hatuendi kutazama siasa wala biashara ya jiji hilo. Tunakwenda kutazama jambo ambalo kila mkaaji wake analikabili kabla jua halijachomoza, nalo ni namna ya kutoka nyumbani na kufika aendako.

Tarehe 7 Agosti 1998, majira ya asubuhi, mabomu mawili yalilipuka karibu wakati mmoja, moja katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi na jingine katika ubalozi wa nchi hiyo mjini Dar es Salaam. Hapa kwetu walikufa watu 11. Nairobi walikufa zaidi ya 200, na waliojeruhiwa walihesabiwa kwa maelfu. Wengi katika hao walikuwa maofisini. Waliposikia kishindo cha kwanza walisogea madirishani kutazama kulikoni, na mlipuko mkubwa uliofuata ukavirusha vioo nyusoni mwao. Hivyo kwa asubuhi moja jiji lile lilipata vipofu na vilema wengi kuliko ambavyo limepata kuzoea. Aliyepofuka siku ile akiwa na umri wa miaka 30, leo anaelekea 60. Katika miaka yote hiyo ameendelea kwenda kazini, hospitali, sokoni na misibani. Swali letu la leo ni hili: anakwenda kwa chombo gani?

Mambo mawili yafaa yaelezwe tangu mwanzo, maana mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni usafiri kufikika, yaani mtu yeyote, awe mzima au mwenye magongo, awe mjamzito au mzee, aweze kukifikia chombo, akipande na akishuke bila kudhalilishwa. La pili ni usafiri kuunganishwa, yaani basi, treni na njia ya miguu vishikane, ili mtu anayeshuka katika kimoja akikute kingine karibu, kwa saa inayojulikana, na ikiwezekana kwa nauli moja. Jiji linaweza kuwa na magari mengi sana na bado likakosa yote mawili. Nairobi ni mfano wa wazi, na kusema hivyo si kuwabeza jirani zetu, kwa kuwa sisi wenyewe tunalijua joto la daladala.

Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Katika kila safari kumi zinazofanywa jijini humo kwa siku, karibu nne hufanywa kwa miguu. Watu hawatembei kwa kupenda mazoezi. Wengi hutembea kwa sababu nauli haitoshi. Waliobaki, sehemu kubwa hupanda matatu.

Basi la kwanza la abiria la mpango maalumu lilianza Nairobi mwaka 1934. Baadaye kampuni iliyoitwa Kenya Bus Services ikapewa haki ya kusafirisha abiria jijini peke yake, na Halmashauri ya Jiji ikawa na hisa robo katika kampuni hiyo. Mabasi yalikuwa na njia zenye namba, vituo na ratiba. Lakini mji ulikua haraka kuliko mabasi. Vitongoji vipya vikazuka mahali ambapo kampuni haikuona faida, na wenye magari madogo wakaanza kuwachukua watu kwa siri, wakilipisha vipande vitatu vya senti kumi. Ndipo likatoka jina matatu, maana kwa Kikuyu neno hilo ni tatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatoa amri kwamba magari hayo yaruhusiwe kubeba abiria bila leseni zile zilizotakiwa kwa mabasi. Tangu siku hiyo kampuni ya mabasi, iliyobanwa na masharti, ikawa inashindana na watu wasiobanwa na sharti lolote. Mwaka 1991 Stagecoach ya Uskochi ikainunua kampuni hiyo. Mwaka 1998 ikafungasha na kuondoka. Matatu zilirithi abiria wake, na hata namba zake za njia. Ukiona leo matatu namba 46 inakwenda Kawangware, au namba 6 inakwenda Eastleigh, jua kwamba namba hizo ni masalio ya utaratibu wa zamani.

Sasa yatupasa tuingie ndani ya matatu yenyewe, maana humo ndimo lilimo jibu la mambo mengi.

Matatu ina mwenye mali, dereva na kondakta. Mwenye mali hawalipi hawa wawili mshahara wa mwezi kama kazi nyingine. Huwataka walete kiasi fulani cha fedha kila jioni, ile ambayo madereva wetu wa daladala huiita hesabu ya tajiri. Mafuta ni juu yao. Kinachozidi ndicho chao. Basi, mtazame dereva huyo saa moja asubuhi. Mbele yake kuna kituo chenye watu ishirini, na nyuma yake inakuja matatu nyingine ya njia ile ile. Akiwahi, watu ni wake. Akichelewa dakika tatu, watu ni wa mwenzake. Sasa kando ya barabara yuko mtu katika kiti cha magurudumu. Ili apande, gari lisimame kabisa, kondakta ashuke, ambebe mtu kwa mikono, amweke juu, kisha akunje kiti na kutafuta mahali pa kukiweka katika gari ambalo kila inchi imekwisha kuhesabiwa. Dakika tatu zimekwisha, pengine nne. Kwa utaratibu ulivyo, dereva anayesimama ameadhibiwa, na dereva anayepita amepata tuzo. Hapo si suala la roho mbaya peke yake. Ukimweka padri au shehe katika usukani ule, kwa masharti yale yale, baada ya mwezi mmoja naye atajifunza kupita.

Ndiyo maana walemavu wa Nairobi wamelalamika kwa miaka mingi juu ya mambo yale yale: kuachwa vituoni, kutozwa nauli ya mtu na nauli ya kiti cha magurudumu kana kwamba ni gunia la viazi, na kushushwa gari likiwa bado linatambaa. Kwa asiyeona kuna taabu nyingine. Matatu ikiona msongamano mbele huweza kukata kona na kupita mitaa isiyo yake, na huyo abiria aliyekuwa akihesabu kona na matuta ili ajue yuko wapi, amekwisha kupotea. Msaada wake mkubwa ni sauti ya kondakta anayenadi njia mlangoni. Na sauti hiyo mara nyingi humezwa na muziki, kwa kuwa vijana wa Nairobi huchagua gari kwa ukubwa wa spika zake.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Nairobi kwa shughuli za kazi, nikasimama asubuhi katika kituo kimoja kando ya barabara ya Mombasa. Kando yangu alikuwapo mzee wa mguu mmoja, ameegemea magongo, kavaa koti safi na viatu, yaani kiatu, kilichong'arishwa kijeshi. Sikumwuliza alikuwa nani. Matatu ya kwanza ilipunguza mwendo, kondakta akamtazama, akampungia mkono dereva, ikaondoka. Ya pili ilisimama. Kondakta akasema, "Mzee, hii imejaa, ngoja ingine," kisha akaingiza vijana wawili. Ya nne ndiyo iliyompokea, kwa kuwa mama mmoja alikataa kupanda mpaka mzee atangulie. Yule mzee hakugombana na mtu. Alitoa saa mfukoni, akaitazama, akairudisha. Nilimwona ni mtu aliyekwisha kuziweka matatu tatu za kumwacha katika hesabu ya muda wake wa kila siku.

Serikali za Kenya hazikukaa kimya. Na hapa wasikilizaji wetu wenye sare watapenda kusikia, kwa sababu zaidi ya mara moja jawabu lililotafutwa lilikuwa ni watu wa nidhamu.

Mwaka 1986, wakati wa Rais Daniel arap Moi, lilianzishwa shirika la mabasi lililoitwa Nyayo. Madereva na makondakta wake walikuwa vijana waliopitia Huduma ya Vijana ya Taifa, ambayo inafanana na Jeshi letu la Kujenga Taifa. Nauli ilikuwa nafuu, vijana walikuwa nadhifu, na wananchi wakayapenda mabasi hayo. Lakini ilipofika katikati ya miaka ya 1990 shirika lilikuwa limekufa. Nidhamu ya kondakta haitengenezi gia wala hainunui tairi, na nauli nafuu isiyofidiwa na mtu huishia kuyala mabasi yenyewe. Mwaka 2018 vijana wa Huduma hiyo hiyo wakaingizwa tena barabarani na mabasi ya nauli ndogo, kuwapunguzia taabu wakaaji wa vitongoji. Msaada ulionekana, lakini mabasi machache katika jiji la mamilioni hayawezi kubadili utaratibu.

Amri iliyofanikiwa zaidi ilikuwa ya Waziri John Michuki, ambaye sasa ni marehemu. Kanuni zake zilitangazwa mwaka 2003 na zikaanza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Kila matatu iwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mikanda ya viti, mstari wa manjano ubavuni, na gari dogo lisizidishe abiria 14. Dereva na kondakta wavae sare. Siku za kwanza magari yalitoweka barabarani na watu wakatembea, lakini Waziri hakurudi nyuma, na matatu zikarejea zikiwa zimetii. Kwa nini amri hii ilishika? Kwa maoni yangu ni kwa sababu ilidai vitu vinavyoonekana kwa macho. Askari aliyesimama barabarani aliweza kuhesabu vichwa, kuona mkanda, kuona mstari. Hakuhitaji kumwuliza mtu. Kanuni iliyokagulika ilitekelezwa, angalau mpaka jicho la mkaguzi lilipochoka.

Jicho kuchoka ni jambo la kulisema, nasi tuliseme kwa kuwa tunasema na watu wazima. Katika Nairobi fedha anayopewa askari wa barabarani ili asitazame imekuwa sehemu ya gharama za siku, kama mafuta. Kondakta huitenga asubuhi. Na fedha hiyo haitoki mfukoni kwa mwenye mali wala kwa dereva. Hurudishwa kwa kumwongeza abiria wa kumi na tano na wa kumi na sita katika gari la watu 14. Mahali anapokaa huyo wa kumi na tano, kwenye ubao kati ya viti au karibu na mlango, ndipo pangekaa magongo ya yule mzee.

Mwaka 2014 ilitoka amri nyingine, kwamba nauli zilipwe kwa kadi na si kwa fedha taslimu. Shabaha ilikuwa njema, kwa sababu kadi moja ndiyo kamba inayofunga vyombo mbalimbali kuwa usafiri mmoja. Lakini zikatokea kadi nyingi, kila kampuni na yake, na ya huku haikusomwa na mashine ya kule. Hata BebaPay, iliyoletwa na Google pamoja na benki ya Equity mwaka 2013, ilifungwa mwaka 2015. Makondakta nao hawakuwa na haja ya kadi. Fedha ikipita katika mashine, mwenye mali ataona yote, na ile inayozidi hesabu ya jioni itakuwa na mwenyewe. Siku hizi abiria wengi hulipa kwa simu, lakini hiyo ni njia ya kulipa tu. Haimwungi mtu na gari la pili.

Kuunganishwa kwenyewe ndiko kunakoiumiza Nairobi zaidi. Karibu njia zote za matatu huishia katikati ya jiji. Mtu wa Kawangware anayefanya kazi Eastleigh hawezi kupita moja kwa moja. Hushuka katikati ya mji, akavuka mitaa kwa miguu katika msongamano wa watu na mikokoteni mpaka kituo kingine, akalipa nauli ya pili. Kwa mzima ni robo saa. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, katika njia za miguu zilizovunjika, zilizokaliwa na meza za wachuuzi na magari yaliyoegeshwa, ni safari ya pekee.

Tarehe 3 Desemba 2018 serikali ya jiji ilipiga marufuku matatu kuingia katikati ya mji. Watu wakashushwa pembezoni. Wagonjwa, wajawazito, walemavu na watoto wa shule wakatembea kilomita kadhaa, na nchi nzima ikaona picha zao. Marufuku haikumaliza siku mbili. Mwezi Machi 2020 baadhi ya kazi za jiji zikawekwa chini ya idara mpya iliyoongozwa na jenerali wa jeshi, Mohamed Badi. Idara hiyo ilikarabati njia za miguu na kujenga vituo vikubwa, mashuhuri kikiwa Green Park, karibu na Uhuru Park, ili matatu ziishie huko. Kwa ujenzi, kituo kilipendeza. Lakini abiria akishuka pale alikuwa bado hajafika, na hakukuwa na chombo cha kumchukua kwa kilomita iliyobaki. Idara ilipomaliza muda wake mwaka 2022, matatu zilikuwa bado zinaingia mjini.

Treni nazo zina kisa chao. Reli ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, inafika katikati ya Nairobi. Reli mpya kutoka Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435 na kituo chake cha Nairobi kiko Syokimau, kama kilomita 20 nje ya katikati ya jiji. Treni ya huku haiwezi kupita kwenye reli ya kule. Kwa hiyo msafiri aliyetoka Mombasa na mizigo na watoto hushuka, akapanda treni ndogo ya mji au matatu. Mabehewa ya mji yaliyonunuliwa Hispania yaliongezwa mwaka 2020, na hayo ni nafuu kubwa. Kwetu, kituo cha reli mpya ya kwenda Morogoro na Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, kimejengwa jirani na stesheni ya zamani katikati ya Dar es Salaam. Mtu mzima haoni sana tofauti hiyo. Muulize mwenye magongo.

Kwa kuwa tumekwisha kujitaja, tujitazame kwa haki. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza Dar es Salaam mwezi Mei 2016, kwa njia ya kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, yalijengwa kwa fikra ambayo Nairobi haijaipata. Sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Mwenye kiti cha magurudumu hupanda mteremko mdogo, akaingia bila kubebwa. Njia inaishia kwenye kivuko cha Kigamboni, hivyo basi na pantoni vimekutana. Kwa kazi hiyo jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri ya mwaka 2018. Lakini mabasi yakiwa machache, mlango ulio sawa na sakafu haumsaidii mlemavu, kwa sababu umejaa migongo. Anayetumia kituo cha Kimara saa kumi na mbili asubuhi hahitaji kuelezwa. Na mvua ikinyesha sana, Jangwani hujaa maji, njia ikafungwa.

Nairobi nayo ilipanga njia tano za mabasi ya namna hiyo, ikazipa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati. Chombo cha kuzisimamia kiliundwa mwaka 2017. Ujenzi ulianza katika barabara ya Thika, ile ya njia nane iliyofunguliwa mwaka 2012, lakini hadi mwaka 2024 hakuna basi lililokuwa limepita. Barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, kwa upande wake, ilijengwa na kufunguliwa mwaka 2022. Hiyo inapita juu. Anayesubiri matatu husimama chini yake.

Sheria si chache. Sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 54, inatamka kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote, usafiri wa umma na habari. Jiji likaweka sera mwaka 2015 kwamba asilimia 20 ya fedha za usafiri ziende kwa watembea kwa miguu na wenye baiskeli. Upungufu uko mahali pengine: katika mstari wa manjano wa Michuki, askari alijua atazame nini. Katika haki ya ibara ya 54, hakuna aliyemwambia atazame nini. Ibara haitoi kipimo cha ngazi, wala haitaji kiti chenye alama ambacho kondakta akikiuza ametenda kosa linaloonekana.

Kazi moja ndogo ilifanywa vizuri sana, nayo ilifanywa na watafiti pamoja na wanafunzi. Vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Marekani, walipanda matatu moja baada ya nyingine wakiwa na simu mkononi, wakaandika kila kituo na kila kona. Mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 130. Mwanajeshi ataelewa thamani yake haraka: kwa miaka 40 jiji lilikuwa likijaribu kuamrisha kikosi ambacho halikuwa na orodha yake. Baada ya ramani ilionekana wazi jinsi njia zinavyorundikana katikati na jinsi vitongoji vinavyoachwa bila kuunganishwa.

Katika mizunguko mikubwa ya barabara jijini humo, saa za asubuhi, askari wa usalama barabarani husimama katikati, huzipuuza taa, na kuyaongoza magari kwa mkono wake. Hutazama mistari minne ya magari na kuamua upi upite kwanza. Wenye kuvuka kwa miguu hawamo katika mistari hiyo. Wao huvuka kwa kuviziana na magari, wakikimbia. Asiyeweza kukimbia husubiri pembeni mpaka askari amwone. Niliwahi kumtazama mmoja wao, binti mdogo wa cheo cha koplo, akisimamisha upande mzima wa barabara kwa ajili ya mwanamke asiyeona na mtoto aliyekuwa akimwongoza. Magari yalipiga honi. Aliwaacha wapige, mpaka wale wawili walipofika ng'ambo, ndipo akashusha mkono.